Mkwe wa Kiajemi

14 Januari, mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke

Mpwa wangu mpendwa, Fundi,

Barua yako ilinifikia Jumanne, imelowa pembe moja lakini maneno yote yakiwa salama. Nimefurahi kusikia kwamba goti la mama yako limetulia, na kwamba cherehani mpya inashona pindo bila kukata uzi. Mimi ni mzima. Hapa kuna baridi ya kuuma masikio na lifti ya jengo letu imeharibika tena, kwa hiyo nashuka ngazi mara moja tu kwa siku, nikanunua mkate na gazeti kwa safari hiyo hiyo. Ajuza, paka wangu wa mwisho, anakusalimu. Yaani amelala juu ya kamusi, na nilipotaja jina lako amefungua jicho moja. Kwake hiyo ni heshima kubwa.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Unasema unataka kufuga paka wa Kiajemi hapo nyumbani, wa nasaba inayojulikana, uzalishe wachache na kuwapa watu watakaowatunza. Unaniuliza kama ni wazimu. Si wazimu. Niliwafuga kwa zaidi ya miaka ishirini katika vyumba viwili, huku nikisoma prufu za vitabu vya watu wengine mchana kutwa. Sijawahi kusahihisha kitabu kikatoka bila kosa hata moja, lakini nimewahi kutoa paka wasio na kosa. Wawili, watatu. Ni wengi.

Anza na jike mmoja. Dume usinunue. Dume asiyehasiwa hunyunyiza mkojo kila pembe ili dunia ijue pale ni kwake, na wewe unashona magauni ya watu. Dume utamwendea kwa mwenye naye, kwa makubaliano.

Usinunue sura. Mtindo wa siku hizi ni paka mwenye uso bapa kama aliyegonga mlango wa kioo. Hao hupewa zawadi kwenye maonyesho, kisha wanakoroma wakiwa macho, na machozi hayakauki. Tafuta mwenye pua inayoonekana ukimtazama kwa upande. Na kabla ya pua, figo. Ukoo huu una ugonjwa wa figo wa kurithi: vifuko vya maji vinaota ndani polepole, na paka anaonekana mzima mpaka siku anapoacha kula. Kipimo kipo. Jike apimwe, dume apimwe. Mfugaji asiyekuonyesha majibu ya kipimo, mshukuru kwa chai, uondoke.

Kuhusu mahali. Sebule ndiyo karakana yako, haifai hata kidogo, maana paka akimeza uzi unaweza kumkata utumbo. Chumba chako ni kidogo, na cha mama yako tusikiguse tukapigana. Nimekaa na penseli nikaichora nyumba yote kwa kumbukumbu, na jibu ni stoo. Ukuta wake wa nyuma umegusana na jiko. Mama yetu aliwasha moto asubuhi mpaka jioni, na ukuta ule ulikuwa na joto hata mvua iliponyesha wiki nzima. Nikiwa mtoto, nikishikwa na homa, nilikuwa nakwenda kuuegemea. Sanduku la kuzalia liweke palepale. Mchoro nimeufunga humu.

Mwisho wa barua yako palikuwa na swali moja zaidi. Nimeliona. Karatasi imekwisha.

Mjomba wako


27 Machi

Mjomba wangu, shikamoo.

Hatujambo. Mama anakusalimu na anasema kwenye picha uliyotuma umekonda, na kwamba usimdanganye kwa koti nene. Jirani ameweka taa mpya uani, sasa natunga sindano bila kukodoa macho. Kazi ipo.

Nimempata. Lakini ngoja nikueleze nilivyompata, maana ningekuwa na akili zangu za mwaka jana ningekuwa nimeshalia.

Kwanza nilikwenda kwa mama mmoja mwenye duka la vipodozi, anafuga Waajemi weupe ghorofani. Mjomba, ni wazuri! Nilisimama pale mdomo wazi. Wote wana nyuso zile ulizosema, wanapumua kama mzee anayepanda ngazi. Nikauliza kipimo cha figo. Akacheka mpaka akashika kaunta.

"Dada, unanunua paka au unaajiri rubani?"

"Natafuta mama wa wajukuu wangu," nikamwambia.

"Basi nenda kaposee hospitali."

Nilimshukuru kwa chai, nikaondoka.

Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu, anakaa mwisho wa barabara ya kiwanda cha sabuni. Huyo sikumhoji mimi, alinihoji yeye. Unafanya kazi gani? Uzi unauweka wapi? Mchana nani yuko nyumbani? Ukisafiri? Ukiugua? Nilijiona kama naomba mkopo benki. Mwisho akanitolea cheti cha nasaba, majibu ya figo ya mama na ya baba, na majibu ya paka mwenyewe. Yote safi. Akaniambia, "Akikushinda, mlete hapa. Usimpe mtu." Nikamwambia hatanishinda. Akasema, "Wote husema hivyo."

Ni wa rangi ya majivu, macho ya shaba, umri mwaka mmoja na nusu, na pua anayo, Mjomba, pua kabisa. Mama mwanzoni alinuna. "Paka? Hapa kuna panya?" Kisha akaniona namchana manyoya. "Paka anachanwa kila siku, na mimi mama yako najichana mwenyewe." Leo ndiye aliyempa jina. Anamwita Mkwe. Anasema amekuja na vyeti vyake, hapiki, hafagii, na akikanyagwa mkia nyumba nzima inalaumiwa.

Stoo nimeitoa magunia, nimepaka chokaa. Ni ndogo kidogo kuliko ulivyoichora, lakini nitaweka sanduku pale ulipoweka alama.

Kuna chumba kimoja tu kisichotumika humu ndani, na wewe unakijua. Mama anakifungua kila Jumamosi, anafuta vumbi, anabadilisha shuka, anafunga, funguo anarudisha mfukoni. Nilimwuliza juu yake, kwa kuuliza tu. Alinitazama kama mteja aliyerudisha nguo aliyokwisha kuivaa. "Mwenyewe akija," akasema, "alale wapi?"

Kwa hiyo nauliza tena swali langu la mwisho. Unakuja lini, Mjomba?

Fundi


2 Mei, mwaka uleule wa thelathini na nane

Mpwa wangu,

Marahaba. Natumaini goti halijamkumbusha mama yako kwamba lipo. Hapa miti imeanza kuota majani na lifti imetengenezwa, nami nimeipanda mara mbili bila sababu ya maana. Nimepewa prufu za kitabu kinene cha historia ya reli, mwandishi wake haogopi mkato hata mmoja. Koti si nene, mwambie mama yako. Ni mimi ndani yake.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya pili kwa sauti. Nina jirani ghorofa ya chini, fundi saa, mtu mkavu asiyecheka ovyo. Nilimtafsiria mazungumzo yako na mama wa vipodozi. Akaweka chini koleo yake akaniuliza, "Huyu ni ndugu yako wa damu?" Nikasema ni mtoto wa dada yangu. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama wima kuliko kawaida.

Mwalimu yule mheshimu. Mtu anayekuhoji hivyo kabla ya kukupa paka ndiye mfugaji. Wengine ni wachuuzi.

Sasa sikiliza. Umri wa Mkwe unafaa. Akiingia kwenye joto utajua, na majirani watajua, kwa sababu atalia kama mlango usiotiwa mafuta. Mpeleke yeye kwa dume, usimlete dume kwako. Dume akiwa ugenini hujisahau, anaanza kunusa samani. Kabla ya hapo soma karatasi za dume kwa macho yako, hata mwenye dume akiwa rafiki wa mwalimu, hata akiwa na haraka. Hasa akiwa na haraka.

Mimba huchukua kama wiki tisa. Siku ikifika, kaa karibu na usiguse kitu mpaka uitwe. Baadaye pima uzito wa kila kitoto kila siku kwa mizani ya jikoni. Kisichoongezeka kinakuambia jambo. Na shika hili kuliko yote: kitoto kichanga hakijui kujipasha joto. Kikipoa kinaacha kunyonya, na ukikilisha kikiwa bado baridi unakimaliza kwa mkono wako. Ndiyo maana nasisitiza ukuta wa jiko. Usiniwekee sanduku mahali pengine.

Umeniuliza kuhusu safari. Pasi yangu inataka kufanywa upya na ile ofisi imehama, sijui imekwenda mtaa gani. Tena Ajuza ni mzee, hawezi kuachiwa mtu. Tutaona.

Mjomba wako


19 Julai

Mjomba wangu, shikamoo.

Natumaini lifti haijarudia tabia zake. Sisi hatujambo. Mama amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi ambalo zamani halikuwapo. Mimi nimemaliza sare za shule nzima ya chekechea, suruali fupifupi hizo, unashona mbili unadhani ni mikono ya shati.

Mkwe amejifungua! Ilikuwa Alhamisi baada ya chakula cha mchana, nampima mteja kiuno. Mama akatokea mlangoni. "Mkwe anachana magazeti," akasema. Mteja akashtuka: "Mkwe wenu ana matatizo gani?" Nikamwacha na tepu kiunoni.

Mjomba, ile kazi anaijua kuliko mimi. Kila kitoto alikipasulia mfuko wake, akakilamba mpaka kikalia, akakisogeza kwenye titi kwa pua. Mimi nilikuwa nimejikunja mle stooni, magoti yamefika masikioni, sigusi kitu kama ulivyosema. Mama alikuwa mlangoni anatoa maelekezo. "Sukuma, mwanangu. Usimtazame huyu, hajawahi kuzaa."

Watatu wanaendelea vizuri sana. Jike mmoja wa majivu kama mama yake, na madume wawili weusi kama baba yao, ambaye karatasi zake nilizisoma mwanzo hadi mwisho huku mwenye naye akiangalia saa. Wananenepa, nawapima kila asubuhi kabla ya kufungua karakana. Daktari wa mifugo aliwatazama mmoja mmoja, akasema amezoea Waajemi wanaoletwa kwake kwa sababu hawapumui, na hawa wanapumua. Akamwita na msaidizi wake aje kuona pua. Nilisimama pale kliniki nikahisi nimerefuka.

Sanduku nililiweka pale ulipochora. Siku ya pili nimelihamishia chumbani kwangu, kando ya kitanda. Pananibana kidogo, lakini ni kwa muda tu.

Uwe na amani, Mjomba.

Fundi

Mdogo wangu,

Mtoto ameniachia nibandike stempu, nami nimesoma. Sina haya. Walizaliwa wanne.

Lile jiko unalolijua wewe halipo. Tulilihamishia uani mwaka tuliomzika mama, na pale pale tukajenga bafu. Ukuta wa stoo unatoka jasho mwaka mzima. Binti huyu analijua hilo tangu anatambaa. Nikamwambia, usiweke watoto pale. Akanijibu, Mjomba amechora. Asubuhi iliyofuata mmoja alikuwa wa baridi. Alimtia ndani ya nguo, kifuani, akazunguka naye humu ndani mpaka mchana. Haikusaidia. Kisha akanikataza nisikuandikie. Sijaanza kutii watoto.

Chumba chako nimekifungua Jumamosi. Shuka ni zile za bluu. Kula vizuri.

Dada yako


30 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Tangu ile barua ya Julai hatujasikia neno lako. Mama anasema ni posta, nami nasema ni posta, na kila mmoja wetu anakwenda kuangalia sanduku kwa zamu akijifanya anapita tu. Kama kuna mtu aliongeza maneno chini ya barua yangu, naomba uyapokee kama maneno ya mtu mwenye miwani mipya.

Goti lake limerudi kumsumbua, si sana. Mimi ni mzima.

Watoto wamekuwa wakubwa, wamepata chanjo na dawa ya minyoo, wanajua mchanga wao ulipo. Watu wamekuja kuwatazama. Alikuja bwana mmoja ana gari jeupe, akalipitisha getini kwa taabu. Alimtaka yule jike ili amzalishe na dume wake.

"Dume wako amepimwa figo?" nikamwuliza.

"Dume wangu ana nguvu kama trekta."

"Sikuuliza nguvu."

"Dada, sema bei ya mwisho."

"Bei nilikwisha kuitaja. Sasa nakuambia hapana."

Akasimama na kikombe mkononi, anazunguka sebule nzima akinieleza nitakavyojuta, paka wa siku hizi wanavyotoka, watu anaowajua. Mama akapaza sauti kutoka jikoni: "Kikombe akiache, ni cha seti!"

Jike amekwenda kwa muuguzi na mumewe, watu watulivu. Tumeandikiana kwamba akifika umri watamfunga kizazi, kwa hiari yao kabisa. Dume mmoja amekwenda kwa mzee anayetengeneza redio, amekwisha kuzoea kulala ndani ya redio isiyo na matumbo. Na wa tatu, Mjomba, kaa chini. Wa tatu ameombwa na mwalimu mstaafu mwenyewe. Alikuja kwa miguu kumtazama. Alimshika, akamfungua mdomo, akamsikiliza kifua, akamgeuza kama mtu anayechagua kitambaa. Kisha akasema, "Huyu ni bora kuliko niliyekupa." Mama alikuwepo, ni shahidi. Siku ile sikushona hata kifungo.

Lakini kuna jambo. Kabla mwalimu hajamchukua, huyo huyo mweusi alipenya mlango wakati nafungua kwa mteja, akaingia sebuleni. Nilimkuta na uzi unaning'inia mdomoni. Sikuuvuta. Nilimfunga kwenye taulo nikakimbia naye kliniki na viatu vya ndani. Uzi ulikuwa umenasa kwenye jino tu, haukwenda mbali. Daktari alinipa kiti nikae mimi.

Kwa hiyo nimefikiri, nimefikia uamuzi. Sebule ni riziki yetu, siwezi kuhamisha cherehani. Chumbani kwangu, mimi na sanduku hatutoshi. Stoo, basi. Mwalimu anasema Mkwe apumzike, na mwakani anaweza kuzaa tena, na tena mara moja. Bila mahali pakavu, penye jua na mlango wa kufungika, sitamzalisha. Mwisho wa mwaka nitamfunga kizazi, abaki mkwe wa kawaida, tufurahi naye. Nilitaka sana iwe zaidi ya hapo. Nilitaka mtu akisema paka wa kutoka nyumba ile, watu wajue ni paka wa aina gani.

Sikuombi kitu, Mjomba. Nakuambia tu ili usisikie kwa mtu mwingine.

Fundi


21 Oktoba. Wiki iliyopita nimeanza mwaka wa thelathini na tisa

Mpwa wangu Fundi,

Marahaba, na mpe mama yako pole ya goti. Alale akiwa ameliwekea mto chini, na asinijibu kwamba anajua. Mimi ni mzima. Historia ya reli imechapishwa, ina makosa mawili, yote nimeyaona baada ya kuchapishwa. Ajuza amehama kutoka kwenye kamusi kwenda kwenye kitabu cha ramani, ni kipana zaidi.

Posta haina hatia. Barua yako ya Julai ilifika kwa wakati wake. Nilianza kuijibu mara nyingi na kila mara nikaona ninaandika kuhusu hali ya hewa. Ulipoandika "watatu wanaendelea vizuri sana" nilisimama pale pale, kabla sijafika kwenye mwandiko wa mama yako. Kazi yangu ni kuona neno ambalo halipo. Nilijua kuna wa nne.

Kitoto kile kilikufa kwa sababu ya uhakika wangu. Nilipokuwa nachora, niliona hata msumari wa kutundikia kikaango. Hakuna aliyenificha kwamba jiko limehamishwa. Hakuna tu aliyeona haja ya kuniambia, na mimi kwa miaka yote hiyo sikuuliza, maana sikudhani nyumba ile inaweza kufanya jambo lolote bila mimi. Basi shika hili, ulibandike ukutani ukipenda: usinitii tena juu ya kitu unachokiona kwa macho yako. Paka nawajua. Nyumba ile unaijua wewe.

Yaliyobaki umeyafanya wewe, na sijawahi kuona mwanzo mzuri kama huo, ukiwemo wa kwangu. Uliwaondoa wale watatu kwenye ule ukuta bila kungoja ruhusa ya mtu aliye mbali. Hukuvuta uzi. Uliusoma waraka wa dume huku mwenye naye akiangalia saa, wakati mimi, mwaka wangu wa kwanza, nilikubali neno la mtu kwa sababu alivaa tai. Ulimnyima yule bwana wa gari jeupe jike wako, na najua kazi ya sindano ilivyo, najua hukumnyima kwa kushiba. Nilimsomea fundi saa. Nilipofika kwenye kikombe cha seti alicheka mpaka lenzi ikamdondoka jichoni, ikabidi tuitafute wote wawili chini ya meza tukiwa tumepiga magoti, wazee wazima. Mwalimu wako nami ningependa kumpa mkono. Kusema "bora kuliko niliyekupa" ni kitu ambacho mfugaji husema mara moja, akisema.

Usimfunge kizazi Mkwe. Chukua chumba changu cha mbele.

Nimesema hivyo bila maneno ya pembeni, kwa hiyo usitafute maana nyingine. Kitanda changu kifungue. Mbao zake ni nzito, fundi seremala atapata rafu mbili pana, moja juu ya nyingine, maana Mkwe atapenda kuwatazama kutoka juu mkiwa mnafanya kazi. Vitabu kama mchwa wamebakiza kitu, wape watoto wa jirani. Koti lililotundikwa nyuma ya mlango ni la mtu mwembamba ambaye simkumbuki vizuri, likate upate matambara ya sanduku la kuzalia. Zulia liondoke, sakafu iwe tupu, ya kuosha. Dirisha litiwe wavu imara, mlango uwe na komeo la juu. Nakumbuka jua la asubuhi linafika hadi miguuni pa kitanda, lakini nimekwisha kukuambia usiniamini. Chukua kazi ya mkono, kaa mle siku nzima kuanzia kunapokucha, papasa kuta zote nne, uone jua linapita wapi na upepo unaingilia wapi. Kisha uniandikie. Safari hii wewe chora, mimi nijifunze.

Dada yangu, sasa nakuandikia wewe, na najua utasoma kabla ya mtoto.

Uliuliza mwenyewe akija alale wapi. Ni swali la haki na nimelikwepa kwa barua nyingi. Ile ofisi ya pasi haijahama. Naiona kutoka kwenye kituo cha basi, ina ua mbele na bendera. Sikwenda. Miaka nenda rudi nimekula, nimelala na kuugua hapa nikijihesabu kuwa mtu aliye safarini, kwa sababu mahali fulani kuna kitanda kinachotandikwa kila Jumamosi kwa ajili yangu. Ulinifanyia hivyo kwa goti bovu na hukuniambia hata mara moja kwamba umechoka. Asante, Dada. Sasa pumzika. Shuka za bluu ziko laini kiasi cha kutosha kuwafaa vitoto. Funguo mpe binti yako. Usimpe kwa kunung'unika; mpe kama unavyompa mtu kitu chake.

Fundi, mwalimu atakuuliza jina la kuandikisha ukoo wako wa paka, maana mfugaji mwenye watoto kama hao hana budi kuwa nalo. Chagua mwenyewe. Usinipe heshima hiyo, nitaanza kujiona. Tayari nimelieleza jengo zima, mpaka fundi wa lifti, kwamba kwetu kuna nyumba inayotoa paka wa Kiajemi wenye pua zao na figo safi, na kwamba mwenye nyumba hiyo ni mtoto wa dada yangu, ambaye sijamtia machoni na ambaye ningemtambua popote.

Niandikie kuhusu jua la chumba hicho. Niandikie Mkwe akishika mimba. Nitumie picha, kubwa, fundi saa ana lenzi lakini mimi sina. Msinitengee mahali pengine pa kulala, na msimwache mtu yeyote aseme kwamba paka wamechukua nafasi yangu. Nimeitoa mwenyewe, nikiwa na akili timamu na furaha.

Sitarudi.

Mjomba wako